Mafuta ya Karafuu, ya Mkaratusi na Mengineyo ya Kunukia: Maonyo kwa Wenye Nyumba

La kwanza kabla ya yote

Mtoto hatiwi mafuta haya kinywani, wala hatiwi puani.

Yanakotoka

Mafuta tunayoyataja humu si ya nazi wala ya ufuta, ambayo mtu huyala na kujipaka apendavyo, bali ni yale mepesi ya kunukia yapatikanayo kwa kutia majani, maua, magome au makonyo katika pipa kubwa la chuma, yakapitishiwa mvuke, na mvuke ule ukisha kupozwa mafuta hujitenga na maji. Kisiwani Pemba, katika kiwanda cha Wawi, hukenekwa mafuta ya karafuu. Jirani zetu wa Visiwa vya Ngazija hukeneka maua ya mlangilangi, na sehemu kubwa ya mafuta yake huishia kwa watengeneza manukato wa Ufaransa. Mkaratusi na mchaichai mafuta yake yamo majanini, na mdalasini katika gome na majani. Ya malimau na ndimu aghalabu hukamuliwa katika maganda, na ajipakaye hayo kisha akakaa juani huweza kuungua ngozi, jambo ambalo wachache walijua.

Nguvu yake

Makonyo ya karafuu kilo 100 hayatoi mafuta ila kilo 5 au 6 hivi. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya karafuu kimechukua nguvu ya chembe za karafuu zaidi ya 200, nami sijapata kumwona mpishi, hata awe mkarimu wa viungo namna gani, atiaye kiasi hicho katika sufuria ya watu wa nyumba moja. Wasemao kuwa hii ni dawa ya miti, na dawa ya miti haina madhara, wamesahau kwamba sumu nyingi nazo zatoka mitini.

Jambo lituhuzunishalo kuliko yote

Bibi amsikiapo mjukuu analia usiku kwa chango, au mafua yamemziba hata hawezi kunyonya, huichukua ile chupa aliyoiamini tangu ujana wake, akamtonesha kinywani, ama akampaka katika tundu za pua, naye hana nia ila ya huruma. Bibi zetu twawaheshimu, na katika mambo mengi ya malezi sisi wenye vyeti ni wanafunzi wao. Lakini katika hili twawaomba wasikie. Kijiko kimoja au viwili vya chai vya mafuta ya karafuu vimetosha kumtia mtoto mdogo katika kuzirai, degedege na kuharibika ini. Ya mkaratusi nayo huweza kumtia katika kuzirai na degedege. Na mafuta ya mnanaa au ya kafuri, apakwapo puani mtoto mchanga, huweza kumbana koo hata pumzi ikasita.

Wala hayachanganywi na maziwa, wala na asali, wala na uji, kwani kuchanganya hakuondoi sumu. Wala hapewi tone moja “dogo tu”, kwa sababu mkono uliotonesha moja leo, kesho mtoto akizidi kulia hutonesha matano. Mwenye kusema, “Mbona mimi nilipewa na nimekua?” na ajue ya kuwa aliyevuka barabara amefumba macho akasalimika hakuifanya barabara kuwa ya amani.

Mtoto mwenye mafua na anyonyeshwe mara kwa mara, asafishwe pua kwa kitambaa laini. Akipumua mbio, au kifua kikibonyea kila avutapo pumzi, apelekwe kituo cha afya upesi.

Narudia, maadamu kurudia ndiko kazi yangu: mtoto hatiwi mafuta haya kinywani, wala hatiwi puani.

Kwa mtu mzima

Manufaa yapo, wala hatuyakanushi. Mwenye maumivu ya viungo kwa kazi nzito na atie tone 1 au 2 la mafuta ya karafuu katika kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi, ajaribu kwanza kidogo mkononi, angoje hata siku ya pili. Asipowashwa, na ajikande. Asijipake matupu, asipake penye jeraha, asiyakaribishe machoni, na akisha kujikanda anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Mwenye mimba, anyonyeshaye, na mwenye pumu, wote hawa na waulize kituoni kwanza. Kunywa ni marufuku kwa mkubwa pia.

Jino

Pamba iliyochovywa kidogo katika mafuta ya karafuu ikagusishwa jino hutuliza maumivu kwa muda, lakini jino lililooza haliponi kwa hayo, na ufizi huungua yakizidi. Basi nenda kwa tabibu wa meno. Mtoto aotaye meno hahusiki kabisa na ruhusa hii.

Mbu

Mafuta ya mchaichai huwafukuza mbu kwa kitambo kidogo tu. Laleni ndani ya chandarua.

Chupa

Mafuta yakae katika chupa yake yenye jina, wala msiyahamishe katika chupa ya soda wala ya dawa ya kikohozi, ambayo mtoto amekwisha kuizoea kuwa ni tamu. Yafungiwe kabatini, juu, mbali na jiko na kibatari, kwa kuwa hushika moto.

Mtoto akisha kuyanywa

Msimtapishe. Msimpe maziwa, wala mafuta ya kula, wala maji ya chumvi, kwani atapikapo mafuta huweza kumwingia mapafuni. Mpanguseni midomo, akiwa amezirai mlazeni ubavu. Yakimwingia machoni, yaosheni macho kwa maji safi yatiririkayo muda wa dakika 15. Msingoje dalili, kwani ini huweza kuharibika kimya kimya, na mtoto aonekanaye mzima jioni akawa mahututi siku ya pili. Nendeni naye hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane na hata ikiwa anacheka, na chupa mwende nayo.