Somo: Pima Waya Kabla ya Kumlaumu Dereva



Somo hili ni la madereva, wasaidizi wao na mafundi wa gereji za mashamba na viwanda. Hata wewe usiyeshika usukani lisome, maana pikapu iliyoishiwa nguvu mlimani huenda ndiyo inayokupeleka kazini.

TURBO NA SENSA YAKE

Moshi unaotoka katika injini huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga. Ekseli hiyo hiyo huzungusha gurudumu la pili, nalo husukuma hewa nyingi ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, dizeli nyingi huungua vema, na gari hupata nguvu. Lakini hewa ikizidi mno, injini huharibika. Kwa hiyo kwenye njia ya hewa pamewekwa kifaa kidogo cha kupima mgandamizo. Vitabuni huitwa kihisio, gerejini huitwa sensa.

Sensa huipasha habari kompyuta ya injini kwa nyaya. Kwa kawaida nyaya ni tatu. Wa kwanza huleta umeme wa volti 5 kutoka kwenye kompyuta. Wa pili ni wa arthi. Wa tatu hurudisha habari. Magari mengine yana waya wa nne wa joto la hewa. Habari yenyewe ni volti: mgandamizo ukipanda, volti hupanda, kwa kawaida kati ya nusu volti na volti 4 na nusu. Zikishuka karibu na sifuri au zikifika karibu na 5, kompyuta huona kwamba inadanganywa. Huwasha taa ya injini, huandika namba ya hitilafu, na mara nyingi hupunguza dizeli ili kuilinda injini. Ndiyo sababu gari huwa zito ghafula.

NAMBA INASEMA NINI

Fundi huchomeka mashine ya kusomea katika soketi ya matundu 16 chini ya dashibodi. Marekani ilidai soketi hiyo katika magari mapya tangu mwaka 1996, na nchi nyingine zikafuata. P0237 maana yake volti za waya wa habari ziko chini mno. P0238, ziko juu mno. P0236, habari haipatani na hali ya injini.

Angalieni sana: namba hizi hazisemi kwamba turbo imekufa. Hazisemi hata kwamba sensa imekufa. Zinataja njia nzima, yaani sensa, plagi, nyaya na kompyuta. Kazi ya fundi ni kutafuta ni wapi katika njia hiyo.

HATUA ZA KUPIMA

1. Macho kwanza. Zima swichi, chomoa plagi ya sensa. Tazama kutu, maji, oili na pini zilizopinda. Fuata nyaya mpaka mwisho, hasa zinaposuguana na chuma au zilipotafunwa na panya.

2. Rudisha plagi. Fungua swichi, lakini usipige stati. Sasa sensa inapima hewa ya nje tu. Mombasa, usawa wa bahari, mashine ionyeshe karibu kilopaskali 101. Jinja karibu 88, na Fort Portal karibu 85, kwa sababu nchi ni ya juu na hewa ni nyepesi. Ikionyesha 20 au 250, habari ni ya uongo. Mashine nyingine huondoa hesabu ya hewa ya nje na kuonyesha sifuri. Fahamu yako ni ya namna gani.

3. Chomoa plagi, swichi ikiwa wazi. Pima waya wa kwanza kwa mita. Ukikosa volti 5, waya umekatika au umegusa arthi, au sensa nyingine inayotumia umeme huo huo imeharibika na kuushusha.

4. Rudisha plagi. Pima kati ya waya wa arthi na hasi ya betri, ukigusa kwa nyuma ya plagi bila kutoboa waya. Isizidi sehemu moja ya kumi ya volti.

5. Zima swichi, fungua betri, chomoa plagi ya sensa na ya kompyuta. Pima waya wa habari kutoka ncha hadi ncha: ohmu ziwe karibu na sifuri. Kisha pima kati yake na arthi, na kati yake na waya wa volti 5: pasiwe na njia yoyote.

Yote yakiwa sawa, sasa ndipo ishuku sensa. Usitumie taa ya majaribio ya balbu katika nyaya hizi, maana huweza kuunguza kompyuta.

FAIDA YA KARATASI

Katika shamba moja la chai dereva alikatwa mshahara, akiambiwa ameua turbo kwa kukanyaga mafuta. Ikafungwa turbo mpya, na siku ya pili taa ikawaka tena. Fundi mwingine alipima, akakuta waya wa habari umechunika na unagusa chuma cha injini. Waya ulitengenezwa, gari likapanda mlima. Wajumbe wa chama walipeleka vipimo vilivyoandikwa kwa meneja, na fedha za dereva zikarudishwa.

Kwa hiyo, kila taa ikiwaka, andikeni tarehe, namba iliyosomwa, volti zilizopimwa, na jina la aliyepima. Mwenye vipimo mkononi hazungumzi na tajiri kwa kubahatisha.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. P0237 na P0238 zinatofautianaje?
2. Kwa nini sensa nzima huonyesha kilopaskali chache Fort Portal kuliko Mombasa?
3. Gereji yenu ina mita? Kama haina, nani atapeleka ombi hilo, na lini?