Presha ya mama na ugonjwa wa kusahau

SWALI: Mama yangu, mkulima wa Mishamo, huacha dawa za presha akijisikia nafuu. Nimhimize mazoezi asije akapata ugonjwa wa kusahau?

JIBU: Mazoezi jembe linampa ya kutosha; la kushughulikia ni presha. Ripoti ya jarida la Lancet ya mwaka 2024 ilikadiria kuwa karibu asilimia 45 ya visa vya ugonjwa wa kusahau duniani vinahusiana na mambo 14 yanayorekebishika, presha ikiwemo. Tatizo presha haiumi, hivyo nauli ya kufuata dawa huonekana hasara. Utasema kusahau ni uzee tu. Mbona utafiti wa Hai, Kilimanjaro, uliukuta ugonjwa huo kwa takriban asilimia 6 tu ya wenye miaka 70 na zaidi? Usimwite mzembe. Changieni nauli, na dawa asiache bila kumwona daktari.