SOMO LA SABA: MKUTANO WA WAZI



Makoko ni kata ya Manispaa ya Musoma. Hapa tuna mitaa. Ndugu zetu wengi wa Butiama, Bunda na Musoma Vijijini wana vijiji na vitongoji. Vijiji vina Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya mwaka 1982. Miji ina Sheria Namba 8 ya mwaka huo huo. Leo tutajifunza mikutano ya kijiji. Kanuni tutakazojifunza zinafaa mitaani pia.

Nani ana mamlaka?

Chombo cha juu katika kijiji ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Wajumbe wake ni wakazi wote wenye miaka 18 au zaidi. Mkulima ni mjumbe. Mvuvi ni mjumbe. Mama anayeanika dagaa ni mjumbe.

Mkutano huu huchagua Halmashauri ya Kijiji. Halmashauri ina wajumbe 15 hadi 25. Halmashauri nayo ina kamati zake. Kuna kamati ya fedha na mipango, ya huduma za jamii, na ya ulinzi na usalama. Kazi ya kamati ni kuchunguza mambo na kutoa ushauri. Kamati siyo mwenye kijiji.

Tuchukue mfano

Mgeni anafika kijijini. Anataka ekari 20 katika eneo la malisho. Jioni anakutana na wajumbe watatu nyumbani kwa mmoja wao. Wanakubaliana. Karatasi inapigwa mhuri, na mgeni analipa fedha. Baada ya wiki mbili wachungaji wanakuta nguzo na waya.

Mkutano Mkuu unapokaa, mama mmoja ananyosha mkono.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba kuuliza. Ni mkutano gani uliotoa eneo hili?"

"Mama, jambo hili lilipita kwenye kamati."

"Basi tunaomba muhtasari usomwe, Ndugu Mwenyekiti."

Daftari linafunguliwa. Hakuna kilichoandikwa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inasema wazi. Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi kabla Mkutano Mkuu haujakubali. Kwa hiyo maneno ya jioni ile hayakuwa uamuzi wa kijiji. Tazama hasara yake. Mgeni anadai fedha zake. Ng'ombe hawana malisho. Majirani wanashitakiana.

Kanuni za mjumbe

1. Toa taarifa mapema. Bandika tangazo ofisini, sokoni na mwaloni. Litaje siku, saa, mahali na ajenda. Mpiga mbiu apite pia, kwa sababu si wote wanaosoma.

2. Hesabu waliohudhuria. Akidi isipotimia, msipitishe uamuzi. Pangeni siku nyingine.

3. Wape watu nafasi ya kusema. Wanawake na vijana wasikilizwe kama wazee.

4. Taja maslahi yako. Kama shamba linalojadiliwa ni la ndugu yako, sema hivyo. Kisha waachie wengine waamue.

5. Andika muhtasari. Usomwe na kuthibitishwa katika mkutano unaofuata.

6. Soma mapato na matumizi. Fedha za wananchi zijulikane kwa wananchi.

Je, kamati haiwezi kukaa peke yake?

Inaweza kukaa ili kuandaa mapendekezo. Tena, ugonjwa wa mtu au ugomvi wa ndoa si mambo ya kutangaza hadharani. Lakini ardhi, fedha na kazi za kijiji ni mambo ya wote.

Wajibu wa mwananchi

Mkutano Mkuu wa Kijiji hukaa angalau mara moja kila miezi mitatu. Usipoitishwa, muulize Mtendaji wa Kijiji. Asipojibu, nenda kwa Mtendaji wa Kata au kwa diwani. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa katika ofisi ya umma. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Unaweza kuandika ombi lako mwenyewe. Unaweza pia kusoma karatasi kabla ya kutia sahihi.

Lakini haki hii haifai kitu kama hatuhudhurii. Mkutano ukiitwa, twende.

Maneno ya kujifunza

Ajenda: mambo yatakayozungumzwa mkutanoni.
Akidi: idadi ya wajumbe inayotakiwa ili mkutano uwe halali.
Muhtasari: maandishi ya yaliyosemwa na kuamuliwa.
Maslahi: faida ambayo mtu anaweza kuipata katika jambo.

Maswali ya kujadili

1. Wajumbe watatu katika mfano walikosea wapi?
2. Mkutano wa mwisho kijijini au mtaani kwenu ulifanyika lini? Je, mapato na matumizi yalisomwa?
3. Andika tangazo la mkutano. Taja siku, saa, mahali na ajenda tatu.