Somo: Gari la Mradi Linaposimamishwa Barabarani



Katika hesabu zetu tulikuta "gharama za njiani" zisizo na stakabadhi. Tuseme kweli: ilikuwa rushwa, tena kwa fedha za sadaka. Basi tujifunze:

1. Dereva asimame, aonyeshe leseni. Ana haki ya kuelezwa kosa lake.

2. Akikubali kosa, faini hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, si mkononi. Akikataa, ana haki ya kujitetea mahakamani.

3. Abiria asimhimize dereva, "Mpe tu tuondoke." Sheria ya rushwa ya 2007 humbana mtoaji na mpokeaji. TAKUKURU hupokea taarifa kwa simu 113.

Tujadili: Je, tuko tayari kuchelewa ili tupate stakabadhi?