SOMO: INJINI MPYA YA SILINDA MBILI NA MASHAKA YA WAENDESHAJI

Hakuna chama cha ushirika ambacho hakijakabiliwa na swali hili: je, mtambo mpya unafaa kununuliwa, au ni heri kungoja wengine waujaribu kwanza? Swali hili huja chama kinapotaka mashine ya kukoboa, pampu ya maji au pikipiki ya mkaguzi. Mkutano hugawanyika. Wengine husema kipya kinyemi. Wengine hujibu kwamba mtambo usiojulikana ni mzigo. Pande zote mbili huweza kukosea, kwa kuwa kila mmoja hutoa hukumu kabla ya kuchunguza. Somo hili laeleza kisa kimoja cha nchi za mbali, ili makatibu na wanachama wajifunze namna ya kuyapima mashaka badala ya kuyafuata au kuyapuuza.

Asili ya mashaka

Jina la Royal Enfield lilianza Uingereza, na pikipiki ya kwanza yenye jina hilo ilitengenezwa mwaka 1901. Mwaka 1955 kampuni ya Enfield India iliundwa mjini Madras, ambao leo huitwa Chennai, ili kutengeneza pikipiki iitwayo Bullet. Kule Uingereza kazi hiyo ilikoma mwaka 1970, lakini India iliendelea. Kwa zaidi ya miaka 50 Bullet ya silinda moja iliundwa huko pamoja na mabadiliko machache. Ilipendwa kwa sauti yake na kwa kuwa fundi wa kijijini aliweza kuifungua na kuifunga. Hata hivyo ilijulikana pia kwa mambo mawili yasiyopendeza: kuvuja oili na kutetemeka mno.

Mwezi wa Novemba 2017, katika maonyesho ya pikipiki mjini Milan, Italia, kampuni hiyo ilionyesha injini mpya ya silinda mbili yenye ujazo wa sentimita 648. Iliwekwa katika pikipiki mbili, Interceptor 650 na Continental GT 650, na mwaka 2018 zikaanza kuuzwa. Hapo waendeshaji wengi waliuliza maswali matatu. Kwanza, je, watu waliozoea injini moja ya kizamani wataweza kuunda injini ya kisasa isiyovuja? Pili, je, silinda mbili si maradufu ya vitu vya kuharibika? Tatu, kwa nini bei ni ndogo hivyo? Nchini Marekani Interceptor iliuzwa kwa dola 5,799, bei iliyokuwa chini sana ya pikipiki nyingi za ukubwa huo. Rahisi ghali, walisema watu.

Maswali hayo hayakuwa ya kipuuzi. Mtu anayelipa fedha zake ana haki ya kuuliza. Lakini swali si jibu, na sifa ya injini ya zamani si ushahidi juu ya injini mpya. Hapana budi kuufungua mtambo wenyewe na kuutazama.

Namna injini inavyofanya kazi

Ndani ya kila silinda pistoni hupanda na kushuka. Mwendo huo hugeuzwa kuwa wa kuzunguka na mhimili uliopindika, ambao mafundi huuita krenki. Katika injini ya mipigo minne, kila silinda huwasha petroli mara moja katika mizunguko miwili ya krenki.

Injini nyingi za zamani za Kiingereza zenye silinda mbili zilipangwa ili pistoni zote mbili zipande pamoja na kushuka pamoja. Mpango huo uliwasha moto kwa nafasi zilizo sawa, lakini ulileta mtetemo mkubwa, kwa kuwa uzito wa pistoni zote mbili ulisimama na kuondoka kwa wakati mmoja. Mtetemo hulegeza nati, hupasua vyuma vya kushikilia na humchosha mwendeshaji. Basi mengi yaliyoitwa ubovu wa injini za silinda mbili yalitokana na mpangilio huo, wala si idadi ya silinda.

Injini mpya ilipangwa vingine. Sehemu mbili za krenki zimeachana kwa nyuzi 270. Pistoni moja inaposimama kwa nukta moja juu au chini, mwenziwe yumo katika mwendo wa kasi, hazisimami pamoja. Moto huwaka baada ya nyuzi 270, kisha baada ya nyuzi 450. Mtetemo unaobaki hupunguzwa na mhimili mwingine mdogo wenye uzito wa kusawazisha. Wala mpangilio huu haukuwa wa kubahatisha: Yamaha waliutumia katika TRX850 mwaka 1995, na viwanda vingine vikaufuata. Kwa hiyo injini ilikuwa mpya, lakini wazo lake lilikwisha kupimwa kwa zaidi ya miaka 20.

Kuhusu wingi wa vitu, ni kweli kwamba silinda mbili zina pistoni mbili na valvu nane. Lakini injini haiharibiki kwa kuwa na vitu vingi tu. Huharibika pia kwa kukazwa kupita kiasi. Ujazo wa sentimita 648 ungeweza kutoa nguvu nyingi kuliko farasi 47 zilizochaguliwa. Waundaji waliacha akiba. Injini hupozwa kwa hewa na oili, hivyo haina pampu ya maji wala mipira ya maji ya kupasuka. Nafasi za valvu hurekebishwa kwa skurubu na nati, kazi ambayo fundi mwangalifu aifanya kwa spana na vibamba vya kupimia. Mwenye nguvu asiyeimaliza nguvu yake hufika mbali.

Kilichoonekana baadaye

Muda ndio mwamuzi. Injini hiyo haikuachwa. Iliwekwa katika pikipiki nyingine za kampuni hiyo, kama vile Super Meteor 650 na Shotgun 650. Kiwanda hakirudii injini inayokirudishia hasara kila mwaka.

Hata hivyo mtambo haukukosa kasoro, na kasoro iliyotangazwa yafaa kuzingatiwa. Mwaka 2020 kampuni iliwataka wenye pikipiki zipatazo 15,200 katika Uingereza, nchi nyingine za Ulaya na Korea Kusini wazipeleke kukaguliwa. Idadi hiyo ilihusu Interceptor, Continental GT na pia Himalayan ya silinda moja. Tatizo lilikuwa katika breki: chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu iliweza kuzitia kutu. Watu waliikodolea macho injini, na hatari ikajitokeza penye breki. Walitazama idadi ya silinda, na adui akawa chumvi ya barabara.

Mafunzo kwa vyama

Kwanza, shaka igeuzwe swali linaloweza kujibiwa. Kusema "mtambo huu haufai" hakusaidii kamati. Kuuliza "ni sehemu gani itakayoharibika, na kwa sababu gani?" kunasaidia.

Pili, mtambo upimwe mahali utakapofanya kazi. Breki iliyofaa mahali pakavu ilishindwa na chumvi ya nchi za baridi. Vivyo hivyo vumbi, matope na mizigo ya kwetu vina hukumu yao.

Tatu, uimara si wa chuma peke yake. Pikipiki yenye uzito wa kilo 200 na zaidi, hata ikiwa imara namna gani, haimfai mkaguzi anayepita njia za mashambani. Katika Afrika Mashariki pikipiki nyepesi za silinda moja zimeenea kwa sababu vipuri vyake hupatikana karibu na mafundi wake ni wengi. Mtambo bora usio na kipuri wakati wa mavuno ni sawa na mtambo mbovu, na anayelipia ni mwanachama ambaye mazao yake yanangoja.

Nne, dhamana isomwe yote kabla ya kutia sahihi: ni ya muda gani, inahusu sehemu zipi, na nani ataitimiza.

Tano, kumbukumbu ziwekwe. Katibu aandike tarehe, kilomita, oili iliyobadilishwa na kila kipuri kilichonunuliwa. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litatoa ushahidi ambao maneno ya barazani hayawezi kuutoa.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni

1. Chama kimewahi kukataa au kununua mtambo kwa kufuata sifa tu? Matokeo yalikuwa nini?
2. Kipuri cha mtambo mnaoutegemea zaidi hupatikana wapi, na baada ya siku ngapi?
3. Ni nani mwenye daftari la matengenezo, na kamati ililikagua lini mara ya mwisho?