Maji ya moto, mionzi na embe

SWALI: Nina miembe Kahe na miparachichi Kibosho. Nasikia matunda huchovywa maji ya moto au hupigwa mionzi kuua funza. Hayaharibiki?
Mkulima, Moshi

JIBU: Embe lililokomaa huvumilia maji ya moto. Kwa soko la Marekani hukaa kwenye nyuzi joto 46.1 kwa dakika 65 hadi 110, kulingana na ukubwa na umbo. Funza wa nzi wa matunda hufa humo ndani. Shida ni embe changa. Mabega yake hubonyea karibu na kikonyo, na ukilikata unakuta uwazi kandokando ya kokwa. Kwa hiyo chuma yaliyojaa mabega, osha utomvu, na usikisie joto kwa kidole: nunua kipimajoto.

Mionzi haiachi sumu wala haifanyi tunda kuwa na mionzi. Dozi ya grei 150 inatosha kwa nzi wa matunda, na embe huivumilia vizuri. Parachichi, hapana. Nyama yake hupiga weusi hata kwa dozi ndogo. Kwa la Kibosho tumia ubaridi, nawe waulize Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) masharti ya nchi unakouza kabla ya kuchuma.