Kiatu Kipimwe kwa Mguu, Si kwa Macho

Somo letu la leo linahusu viatu vya kukimbilia. Huenda mmoja wenu akauliza, "Sasa hayo yanatuhusu nini sisi wa kufuga kuku na kuchanga pesa?" Yanatuhusu sana. Watoto wetu hukimbia kwenda shule. Vijana wetu wako barabarani kila alfajiri, wakitumaini kwamba mbio zitawapatia karo au kazi. Mzazi anauza kuku wawili, anamletea kijana raba kutoka sokoni, na baada ya wiki mbili kijana anachechemea. Pesa imekwenda, na siku ya mashindano yuko nyumbani.

Kiatu kisichotoshea huumiza vipi?

Kiatu kidogo hukunja vidole na kusugua ngozi mpaka malengelenge yatoke. Kikubwa nacho si rafiki. Mguu unateleza ndani, na mtu akiteremka mlima vidole vinagonga mbele kila hatua. Ndiyo maana kucha zinageuka nyeusi na kung'oka. Tena anayeumia hukanyaga kwa upande ili akwepe maumivu, na hapo kifundo cha mguu na goti hubeba mzigo usio wao.

Wazazi wengi tunapenda kununua kiatu "cha kukulia". Sweta ya kukulia ni sawa. Kiatu cha kukimbilia cha kukulia ni hasara.

Lakini si watu hukimbia bila viatu?

Ni kweli. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki kule Roma mwaka 1960 akiwa miguu mitupu. Viatu vipya havikumkaa vizuri, naye alikuwa amezoea kukimbia bila viatu, basi akaviacha. Mwaka 1964 kule Tokyo alivaa viatu, akashinda tena. Kwa hiyo hakudharau viatu. Alikataa visivyomfaa.

Utafiti uliotolewa mwaka 2010, ambao ulihusisha pia wakimbiaji wa Kenya, ulionyesha kwamba waliozoea miguu mitupu mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo, na wengi waliozoea viatu hutua kwa kisigino. Basi anayebadilisha, awe anavaa au anavua, abadilishe polepole. Aanze na mwendo mfupi, aongeze kidogo kidogo, maana misuli na kano zinahitaji muda wa kuzoea.

Jinsi ya kupima

1. Pima jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo mchana kutwa. Simama wima juu ya karatasi au katoni, na mwenzako achore kuzunguka mguu. Pimeni miguu yote miwili. Mara nyingi mmoja ni mkubwa kuliko mwingine, nanyi mfuate ule mkubwa.

2. Kata kijiti chenye urefu wa kutoka kisigino hadi kidole kirefu zaidi, kisha ongeza upana wa kidole gumba cha mkono. Kijiti hicho kiingie ndani ya kiatu na kulala bila kupinda.

3. Kata ule mchoro, uupeleke sokoni. Uweke juu ya soli ya ndani, ikiwa inatoka. Mchoro ukizidi pembeni, kiatu ni chembamba.

4. Usiamini namba peke yake. Namba 8 ya Uingereza ni karibu sawa na 42 ya Ulaya, na kila kiwanda kina vipimo vyake.

5. Ikiwezekana, mkimbiaji aende mwenyewe, na soksi zake. Afunge kamba, atembee, akimbie hatua chache. Vidole vichezeke, kisigino kisipande na kushuka. Akisema kinabana, msimwambie "kitapanuka". Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Viatu vya mitumba

Mitumba si mibaya, ila ichunguzwe. Weka viatu mezani uvitazame kwa nyuma: kikiegemea upande mmoja, kimekwisha kufuata mguu wa mtu mwingine. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, haitapunguza kishindo. Ingiza mkono ndani utafute mshono uliotokeza.

Kumbukeni pia kwamba kiatu huzeeka. Makocha wengi hukadiria kilomita 500 hadi 800. Anayekimbia kilomita 10 kwa siku, siku tano kwa wiki, anafikisha 500 kwa wiki 10. Kwa nje kinaweza kuonekana kizima kabisa.

Kiatu si dawa ya kila kitu

Hata kiatu kizuri hakimlindi anayeongeza mwendo kwa pupa. Maumivu mengi ya mifupa na kano hutokana na kuzidisha mazoezi haraka bila kupumzika. Mtu akiwa na maumivu mahali pamoja kwenye mfupa, yanayozidi akikimbia na kuendelea hata akiwa amelala, aache kukimbia na aende kituo cha afya. Asikandwe kwa nguvu. Lengelenge lisikatwe ngozi. Lioshwe kwa maji safi na sabuni, lifunikwe kwa kitambaa safi. Likitoa usaha, au wekundu ukienea, aonwe na daktari.

Tujadiliane

1. Katika nyumba zetu, nani huchagua kiatu cha mtoto, na hutumia kipimo gani?
2. Viatu vya kaka vikirithiwa na mdogo wake, tunavikagua kwanza au tunavipitisha tu?
3. Kikundi kikichangia raba za wanariadha wa shule, tununue jozi nyingi za namba moja kwa kukadiria, au tununue chache zilizopimwa?

Kazi ya nyumbani

Kabla ya mkutano ujao, kila mwanachama apime miguu ya mtoto mmoja anayekimbia, kisha aingize kijiti katika viatu anavyovaa sasa. Leteni vijiti vyenu mkutanini. Ikiwa kuna kisichoingia, tushauriane hapo hapo la kufanya, kabla mtoto hajaumia.